Kaka Deo Hajacharuka Mnavyodhani

Mpanda,
Jumamosi, saa nne asubuhi

Baba na Mama, shikamooni.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na leo nawaambia nyie kwa sababu bila hilo barua hii haitaeleweka. Naogopa simu.

Siogopi kifaa chenyewe. Naogopa pale Mama anaposema, "Weka spika, wote wasikie." Hapo nasikia kuku, nasikia Bibi anauliza huyo ni nani, nasikia watu wanapumua, na maneno yote niliyoyapanga yanakimbia. Kitu ninachofanya ni kujibu ndiyo kwa kila swali. Mliponiuliza kama lile godoro limefika nilisema ndiyo, limefika, kumbe nilikuwa bado nabanana na Shangazi kitanda kimoja. Shangazi anadhani sipigi nyumbani kwa dharau. Sina dharau, Mama. Ni woga tu.

Haya, mnaendeleaje? Mgongo wa Baba umeachia? Dagaa wanaanikika, au upepo bado unawamwagia mchanga? Mimi mwili wangu ni mzima, nala vizuri hapa Nsemulwa, na masomo ya ziada ya likizo nimeyasimamisha kidogo kwa ruhusa ya mwalimu. Kaka Deo yupo hai, anakula, anajua majina yetu wote. Naomba msome mpaka mwisho kabla hamjaanza kulia au kugomba, maana Baba mdogo Festo atakayewapa karatasi hii atakuwa ameshuka garini peke yake.

Nianze na siku ya ajali. Kaka alikwenda kurina asali na wenzake huko porini, mbele ya Litapunga. Mzinga ulikuwa juu sana kwenye mti. Moshi ulizimika kabla hajamaliza, nyuki wakacharuka, akaachia kamba. Wenzake wanasema alianguka kwa bega na kichwa, na tawi moja likamchana paja alipokuwa anashuka. Walimpakia kwenye pikipiki, mmoja mbele, mmoja nyuma akimshika. Alipofika hospitali alikuwa anatapika, na alikuwa anauliza swali moja tu tena na tena: "Mzinga umeshuka?" Ukimjibu umeshuka, anashukuru, halafu baada ya muda mfupi anakuuliza tena. Siku ile hakunijua. Aliniita nesi.

Walimpiga picha ya kichwa kwa ile mashine ya duara. Daktari ni mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini kama yangu, ndiyo maana niliweza kumuuliza maswali. Akatuambia mimi na Shangazi kwamba fuvu halijavunjika, ila ubongo umepata jeraha na damu kidogo imevia ndani, hahitaji kupasuliwa. Kisha akasema ubongo umepata mcharuko. Aliona Shangazi ameshtuka, akaongeza, "Zamani nilikuwa nasema uvimbe, lakini kila nikisema uvimbe ndugu wanaangua kilio wakidhani ni saratani. Kwa hiyo sasa nasema mcharuko."

Nikaona ni neno zuri. Hata kwenye kamusi ya shule nililiona: sehemu ya mwili kuvimba, kupata joto na kuuma kwa sababu ya jeraha au vijidudu. Nikalibeba vile vile. Jioni Mama akapiga, akaweka spika. Nikasema, "Ubongo wa Kaka umecharuka kidogo."

Halafu nikasikia Mama anasema, "Deo amecharuka! Mwanangu ameshakuwa kichaa!" na mtandao wa huko kwetu ukakata. Nilipiga nikakuta hampatikani. Nilipowapata kesho yake, spika ilikuwa imewekwa, watu walikuwa wengi kuliko kawaida, na Baba akaniuliza, "Ni kweli anapiga kelele?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza, "Na hakumbuki watu?" Nikasema ndiyo. Yote yalikuwa kweli, lakini nilishindwa kumalizia sentensi.

Sasa namalizia. Alimpigia kelele Shangazi kwa sababu Shangazi aligonga kijiko kwenye kikombe, na sauti ile ilimchoma kichwani. Mwanga wa dirisha nao unamchoma. Daktari anasema ni kawaida kwa kichwa kilichogongwa. Alimwomba Shangazi msamaha siku hiyo hiyo huku analia, na Shangazi akamwambia, "Usilie, mbona marehemu mume wangu alikuwa ananifokea hivyo hivyo na hakuanguka popote."

Kuhusu mcharuko wenyewe, nitajaribu kueleza nilivyoelewa. Mama, unakumbuka mguu wako ulipochomwa na mwiba wa samaki? Ulivimba, ukawa mwekundu, ukawa wa moto. Mwiba haukuleta moto. Ni mwili wako ulioleta, ulikuwa unapeleka askari wake pale. Ubongo ukigongwa nao unaita askari. Wanasafisha chembe zilizokufa, na hiyo ni kazi nzuri. Shida ni kwamba ngozi ya mguu inavutika, lakini fuvu ni mfupa, halivutiki. Askari wakiwa wengi mno ndani ya chumba kidogo wanaumiza hata walichokuja kukilinda. Huo ndio mcharuko. Hauna uhusiano wowote na kucharuka kwa mtu anayevua nguo sokoni.

Wanaufuatilia kwa picha, kwa kumulika macho, kwa kumuuliza maswali, na pia kwa damu. Mwili ukiumia, ini linatengeneza protini fulani na kuimwaga kwenye damu. Kipimo chake kinaitwa CRP. Protini ikiwa nyingi, wanajua kuna mcharuko mwilini. Ikipungua siku hadi siku, wanajua unatulia. Daktari alinionya nisikipende sana kipimo hicho, kwa sababu hakisemi mcharuko uko wapi. Alisema, "Ni kama kuona moshi ukiwa barabarani. Unajua kuna nyumba inaungua, hujui ya nani." Kuna sehemu nyingine, alisema, watafiti wanapima alama zinazotoka kwenye ubongo wenyewe, na zinaonyesha moja kwa moja kwamba ni kichwa na jeraha ni kubwa kiasi gani. Hapa kwetu bado. Nilitamani kumuuliza mengine lakini alikuwa anaitwa wodi nyingine.

Kipimo cha kwanza kilikuwa juu. Hilo halikumshangaza daktari, maana mtu ameanguka kutoka mtini na ana miiba ya nyuki mgongo mzima. Alisema kitapanda kidogo, kisha kitashuka.

Jumatano Baba mdogo akafika na gari la samaki. Alinukia migebuka wodi nzima, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akasema, "Leo tumeletewa ziwa." Baba mdogo akamjibu, "Ungeletewa ziwa usingekuwa umelala hapo, ungekuwa unavua." Kaka alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu aanguke, ingawa alishika kichwa akicheka.

Halafu Baba mdogo akaniita nje akanipa ujumbe wa Baba. Kwamba Deo arudi nyumbani na gari hilo hilo Jumamosi. Kwamba mmeshazungumza na yule mtaalamu anayetibu waliochanganyikiwa, na anasubiri. Kwamba hospitali ni kwa mifupa na malaria, mambo ya kucharuka yana watu wake. Mimi nikaitikia kwa kichwa tu, kama ninavyojibu ndiyo kwenye simu.

Na siku hiyo hiyo mchana yakaja majibu ya damu ya pili. Yamepanda sana, kuliko ya kwanza. Kaka naye alikuwa anasinzia kupita kiasi, na mwili una joto. Baba mdogo akanitazama akasema, "Umeona? Kinapanda. Huyu anazidi kucharuka, na nyie mnamchoma sindano."

Baba, nawaambia ukweli, hapo hata mimi niliogopa. Niliwaza labda damu ndani ya fuvu inaongezeka. Niliwaza labda nyie mko sahihi na mimi ni mtoto tu aliyesoma kurasa mbili za kamusi. Nilikaa kwenye benchi la nje nikiwa siwezi hata kusali vizuri, nikawa narudia Salamu Maria nusu nusu.

Daktari hakusema mengi. Aliagiza picha ya kichwa irudiwe. Ikarudi: damu ndani haijaongezeka hata kidogo. Basi akasema kama kichwani hakuna jipya, moshi unatoka kwingine. Akaanza kumkagua Kaka upya kama mtu anayetafuta kupe kwenye ng'ombe. Mapafu, masikio, mgongo wenye miiba ya nyuki. Mwisho akafungua bandeji ya paja, pale tawi lilipomchana.

Baba mdogo akashindwa kuvumilia. "Mtoto anaumwa kichwa, nyie mnafungua paja?"

"Damu ndiyo imetutuma, mzee," daktari akasema.

Na kweli. Juu jeraha lilikuwa limejifunga vizuri, lakini alipobonyeza, usaha ukatoka, na kipande cha gome la mti. Baba mdogo, ambaye amepasua samaki maisha yake yote, aligeuka akatazama ukutani. Walisafisha, wakabadilisha dawa. Jana Ijumaa wakapima tena damu. Imeshuka, na homa imeondoka, na Kaka ameamka akaniuliza kwa nini siko kwenye masomo ya likizo.

Mngedhani nilifurahi tu. Nilifurahi, lakini jana mchana nilikaa naye nikagundua kitu. Nilimwomba anitajie visima vya njiani kutoka nyumbani mpaka shule ya msingi, vile tulivyokuwa tunashindana kuvitaja tukiwa wadogo. Alitaja kimoja. Akasema, "Skola, najua vipo, lakini ni kama mtu ameviweka kwenye chumba akafunga." Hakukasirika. Alisema kama anavyosema leo jua kali. Mimi ndiye niliyekwenda kunawa uso.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu jana. Kipimo cha damu kimeshuka, na ni habari njema, kimemwokoa Kaka kwa sababu bila hicho paja lingeoza chini ya bandeji huku wote tunakitazama kichwa. Lakini hakiwezi kuniambia visima viko wapi. Hakipimi kama ataweza tena kukumbuka mahali alipotega mizinga yake, au kama atamvumilia mtoto akilia. Daktari anasema hilo linapimwa kwa muda. Wengi wanarudi vizuri, wengine wanabaki na mapengo madogo, na hawezi kuniahidi. Nilimpenda kwa kutoniahidi.

Anachotaka ni hiki. Kaka abaki wodini siku chache mpaka jeraha la paja litulie. Kisha akae kwa Shangazi hapa Nsemulwa ambako kuna utulivu, awe anarudi kliniki waangalie kichwa. Asipande mti, asipande pikipiki, asikae juu ya magunia kwenye gari la samaki kwenye ile barabara ya kurudi ziwani, maana kichwa hiki kikigongwa mara ya pili kabla hakijapona ni hatari kuliko ya kwanza.

Lakini leo asubuhi nilipofika na uji, nilimkuta Baba mdogo ameshamvalisha Kaka shati, koti na viatu. Mfuko wake umefungwa. Kaka amekaa ukingoni mwa kitanda, mtiifu kama mtoto wa kipaimara. Daktari alikuwa bado hajafika. Nesi alikuwa peke yake na wagonjwa wengi, amewaambia wasubiri, na Baba mdogo alikuwa hataki kusubiri kwa sababu gari linaondoka mchana.

Nilisimama mlangoni. Sikupanga kusimama pale, miguu ndiyo ilisimama.

"Skola, tupishe," Baba mdogo akasema.

"Sipishi, Baba mdogo."

Alinitazama kana kwamba kuku ameongea. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akainuka kwenye mto ili aone vizuri.

"Hebu nieleze wewe msomi," Baba mdogo akasema. "Kipimo kilipopanda mkasema asiondoke, amezidiwa. Sasa kimeshuka, mnasema asiondoke, anapona. Je, huyu mtu ataondoka lini?"

Jirani akacheka. "Hapo amekubana, binti."

Kweli alinibana. Lakini nilijikuta nasema, "Kipimo ni cha moto, Baba mdogo. Moto umezimwa. Ila huwezi kumrudisha mtu kulala kwenye nyumba iliyoungua kabla haijaezekwa."

Akauliza kwa sauti ya chini, ile anayotumia akiwa na swali la kweli: "Sasa damu ya mkononi inajuaje habari za ndani ya mwili wote?"

Nikamwambia damu haikai mkononi, inapita kila mahali, kichwani, pajani, kwenye ini, halafu inarudi. Ni kama dereva wa gari lake la samaki. Ukimkuta Mpanda stendi atakwambia kuna nini huko ziwani Kapalamsenga, ingawa pengine hatakwambia ni nyumba ya nani.

"Dereva wetu ni mwongo," Baba mdogo akasema.

"Ndiyo maana wanapima na picha pia."

Hapo alicheka kidogo, akakaa kitandani kando ya Kaka. Akajaribu kuwapigia, hampatikani. Akajaribu tena. Akasema, "Mimi nimetumwa na kaka yangu. Nikirudi mikono mitupu nitasema nini? Hayo maneno yako siyawezi, nikiyabeba mdomoni yatafika yamegeuka kama lile la kwanza. Andika. Gari likipiga honi ujue umechelewa."

Ndiyo naandika.

Baba, naomba mambo mawili. La kwanza, mwambie yule mtaalamu kwamba hakuna mgonjwa anayekuja. Mwambie kwa heshima, hana kosa, aliambiwa kuna kichaa. La pili ni kubwa kuliko hilo, na ndilo linaloninyima usingizi. Tafadhali waambie watu waliokuwa wanasikiliza ile spika kwamba Deo si kichaa. Waambie mmoja mmoja, hata wale wa mwaloni, wanaposhusha samaki. Kichwa kinaweza kupona, lakini mtu akishaitwa kichaa kijijini, hata akinyamaza watasema ameanza, hata akicheka watasema ameanza. Akirudi atakuwa mzito wa kujibu kwa muda. Naomba akute watu wanamsubiri amalize sentensi, wasimkimbie.

Mama, usije sasa. Najua unataka. Shangazi anamwosha na kumlisha vizuri, na wewe huko una mikeka ya dagaa na Bibi. Ukitaka kuniuliza lolote piga, lakini nakuomba usiweke spika. Nikiwa na wewe peke yako nitaongea.

Nisalimieni Bibi, mwambieni aliyekuwa anaongea kwenye simu ni mimi, Skolastika, mjukuu wake wa kike wa pili. Nisalimieni mjomba anayeziba nyavu, na katekista aliyeweka Misa kwa ajili ya Kaka. Mwambieni nia ibadilike kidogo, aombee jeraha lipone, asiombee pepo litoke. Nisalimieni mdogo wangu Agnesi, aliyebaki anachota maji peke yake. Shangazi anawasalimu, anasema koti la Kaka lina harufu ya moshi na ameshindwa kulitakasa.

Honi imelia mara moja. Daktari amefika, amemsalimia Baba mdogo, na Baba mdogo amempa mkono, kisha ametangulia getini. Nimemwambia nesi kwamba mgonjwa habanduki. Nimefungua mfuko wa Kaka nikarudisha nguo zake kwenye kabati dogo la kando ya kitanda. Kaka akaniuliza, "Hatuendi?" Nikamwambia hatuendi. Akasema, "Vizuri, nina usingizi." Nikapiga magoti nikamfungua kamba za viatu, nikamvua kimoja, nikamvua na cha pili, nikamfunika shuka, na sasa nakunja karatasi hii nimkimbizie Baba mdogo getini.

Ni mimi binti yenu,
Skolastika